Ikolojia mwaka wa kwanza hapa Kigoma: mnafundisha watu kupika data!

Wakuu, hili limepitiliza. Mada ya ikolojia ya idadi ya viumbe inamalizwa ubaoni mwanzo mwisho, halafu mwanafunzi anadaiwa ripoti ya mazoezi ya vitendo ambayo hayajafanyika. Atatoa wapi namba kama si kichwani?

Hata wakitolewa nje, wanapewa fremu, yaani mraba wa mbao wa kuhesabia mimea iliyo ndani yake, na wanaambiwa "geuka, rusha fremu nyuma". Jamani, kurusha si bahati nasibu! Mkono una mazoea yake, na hakuna anayerusha kwenye upupu. Tandaza tepu mbili zikutane kwa pembe mraba, andika namba kwenye vikaratasi, tia ndani ya kopo, chomoa viwili viwili: cha kwanza mita za tepu hii, cha pili za tepu ile. Fremu inakaa pale namba ziliposema, upupu au si upupu.

Njoo kwenye hesabu. Fremu ya nusu mita kwa nusu mita ni robo ya mita ya mraba. Ukiiweka mara 20 umepima mita za mraba 5 tu. Ukihesabu mimea 85, hiyo ni 17 kwa mita ya mraba, na kiwanja cha mita 30 kwa 20 kina mimea kama 10,200. Sasa mtu anagawa 85 kwa 20, anapata 4.25, anazidisha kwa 600, anaandika 2,550. Robo ya jibu, na tiki anawekewa!

Na panzi nao mnawahesabu kwa fremu? Kivuli chako kikiwafikia tu wamesharuka. Panzi unamkamata, unamtia alama, unamwachia, unakuja kukamata tena. Umetia alama 40. Mara ya pili umekamata 50, wenye alama 8. 40 mara 50, gawa kwa 8, unapata makadirio ya panzi 250 uwanjani. Kanuni hiyo wote wameikariri. Masharti yake hawajaambiwa: katikati hapo asizaliwe, asife, asiingie wala kuhama yeyote, alama isitoke, na mwenye alama akamatike sawasawa na asiye nayo. Mvua ikiosha alama za watatu kati ya wale 8, unabaki na 5 na jibu linaruka hadi 400, wakati uwanjani hajaongezeka panzi hata mmoja. Kwa hiyo acheni kutia alama kwa chaki. Tone dogo la rangi ya kucha mgongoni, nyuma ya kichwa, mbali na mabawa, likauke kwanza ndipo umwachie. Rangi isiwe ya kung'aa, ndege watawachagua hao hao. Na namba zikiwa ndogo hivi ongeza moja kwenye kila namba, mwishoni utoe moja: 41 mara 51, gawa kwa 9, toa 1. Inakuja 231.

Linalouma kuliko yote ni dagaa. Mwalo wa Kibirizi, boti za uvuvi zinaposhusha samaki, upo hapo, lakini darasani mifano ni sungura wa Ulaya. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu na boti nyingi hazitoki. Mpe mwanafunzi takwimu za mwaloni bila kumweleza hilo, ataandika kwamba idadi ya dagaa imeporomoka. Mavuno lazima yagawanywe kwa boti zilizotoka na usiku zilizovua, tena ulinganishe giza na giza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti: mavuno sifuri, dagaa wako majini wanazaliana, na samaki wakubwa zaidi, mgebuka, wanaendelea kuwala. Somo zima la kuzaliwa, kufa na uwezo wa mazingira (idadi ambayo mazingira yanaweza kuilisha) liko hapo, mwendo wa daladala, nanyi mnachora mkunjo wa grafu ubaoni na kufuta.

Walimu mliomo humu mjibu: tepu mbili, kopo, fremu ya mbao, kichupa cha rangi ya kucha. Kipi hapo kinasubiri bajeti ya maabara?