Rekoda ya sauti kwenye simu: waya wa 3.5, OTG, au kila kimoja kivyake?

Kihesa_Tena
Habari za jioni wakuu. Nipo Iringa, narekodi kwaya yetu, watu kama ishirini na kinanda. Nina rekoda ndogo ya Zoom H1n na simu ya Samsung yenye tundu la earphone na la Type-C. Nataka video ya simu itoke na sauti ya rekoda, na siku za ibada kubwa twende laivu Facebook. Hapa mjini kila fundi na lake. Waliokwisha jaribu, kipi kinafaa?

Fundi_Mwanjelwa
Mkuu, waya wa 3.5, yaani ule wa milimita 3.5 unaoingia tundu la earphone, uuogope. Unauzwa kila duka, ndiyo maana umeharibu kazi za wengi. Sehemu ya maiki kwenye tundu la simu inasubiri sauti hafifu ya maiki. Rekoda inatoa sauti ya kusukuma earphone, yenye nguvu zaidi mno. Ukiunganisha hivihivi, kwaya ikipandisha tu unasikia mkwaruzo, na mkwaruzo ukishaingia hautoki. Pini nayo lazima iwe ya mistari mitatu. Ya miwili haina njia ya maiki. Kuna simu hazitambui kitu mpaka waya uwe na rezista ndani za kupunguza nguvu. Halafu tundu lile ni mono. Maiki mbili za H1n zinageuka moja, soprano na besi wanalundikana katikati.

Nenda OTG, yaani adapta inayoiwezesha simu kupokea kifaa kingine cha USB. Sauti inaingia simuni ikiwa tayari ya kidijitali, tena stereo. Android inakubali sauti ya USB tangu toleo la 5.0. H1n ina tundu la micro-USB, kwa hiyo adapta ya OTG inakaa upande wa simu. Waya uwe unaopitisha data, si ule wa kuchajia tu. Rekoda ikikuuliza iwe kisoma kadi au Audio, chagua Audio.

Mama_Tukuyu
Fundi kasema kweli ila hajagusa kamera. Hata OTG ikikubali, kamera iliyokuja na simu inaweza kung'ang'ania maiki yake. Mimi natumia Open Camera, programu ya kamera ya bure, ina mahali pa kuchagua maiki ya nje. Kabla ya kuanza, kwangua rekoda kwa kucha ukiwa unarekodi, kisha sikiliza. Mkwaruzo usiposikika kwa karibu, simu inajisikiliza yenyewe.

Na kama si laivu, uweke simu hali ya ndege, kaka. Ile "titititi" ya mtandao inaingia kwenye waya. Huku kwetu mvua juu ya mabati inatutosha.

Njombe_Baridi
Waya wa nini jamani? Kwaya unaipiga video kutoka mbali ili wote waonekane, ila maiki inatakiwa iwe karibu, mita mbili hivi, juu ya vichwa kidogo. Waya wa OTG utafika wapi? Rekoda iweke kwenye stendi mbele yao, irekodi faili la WAV, lisilobanwa, 48 kHz kama video. Simu ikae nyuma. Washa vyote, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kwenye CapCut, programu ya kuhariri video, unalinganisha kofi na kofi, sauti ya simu unaizima. Kila wimbo uwe faili lake, maana ukirekodi ibada nzima kwa mkupuo, sauti na midomo vinaanza kuachana taratibu.

Fundi_Mwanjelwa
@Njombe_Baridi na laivu je? Kofi halisaidii laivu.

Njombe_Baridi
Laivu ndipo nitatumia waya wako uliouponda, ule wenye rezista. Rekoda nyingi zikishakuwa maiki ya USB haziandiki tena kwenye kadi. Intaneti ikikata katikati ya pambio, umebaki na nini? Kwa 3.5 kadi inaendelea kurekodi stereo safi, Facebook wanapata mono yao. Wanasikilizia spika ya simu hata hivyo.

Fundi_Mwanjelwa
Hilo la kadi nakubali. Ila asisahau kushusha sauti ya earphone kwenye rekoda mpaka karibu na mwisho, ndipo apandishe kidogo kidogo.

Kihesa_Tena
Asanteni sana. Video za nyimbo nitafuata kofi. Laivu nitatafuta huo waya wa rezista. Miyomboni nimeulizia leo wananipa wa kugawa earphone mbili. Fundi, upo Mwanjelwa, Mbeya? Naweza kutumiwa kwa basi?

Fundi_Mwanjelwa
Nauunga mwenyewe, mkuu. Njoo PM na jina la simu yako kamili.