Uwanda umebaki majani makali: tupande mabingobingo au turudishe ukoka?

Mfugaji Kusini
Assalaam alaykum. Nipo Kusini Unguja, upande wa Muyuni. Tuna kipande cha uwanda tulichoachiwa na babu, jiwe tupu na udongo wa kwenye vishimo. Ng'ombe wetu tunawafunga kamba humo. Zamani palijaa ukoka. Sasa kila msimu wa kaskazi, wa jua kali, moto unapita, na yaliyobaki ni yale majani marefu yanayokata mikono. Ng'ombe anayala yakiwa machanga tu. Kaka yangu anataka kuleta trekta, pote papigwe, papandwe mabingobingo, yale majani ya kupanda ya kulishia ng'ombe. Mie roho yangu haitaki kabisa, lakini hoja ya kumjibu sina. Nisaidieni.

Bi Mkubwa
Waalaykum salaam mwanangu. Trekta na weni, ardhi ya jiwe kama hiyo yenu, wapi na wapi? Huo udongo umekaa juu ya jiwe, ukishatifuliwa mvua ya masika inaushusha kwenye nyufa na huuoni tena. Mabingobingo yanataka udongo wa kina, samadi na maji. Kaka yako apande nyuma ya banda, pale mkojo na mavi yanapoteremka, awe anakata na kuwapelekea. Uwandani atapoteza pesa na uwanda wenyewe.

Ami wa Weni
Adui yenu ni moto. Majani makali mizizi yake imelala chini ya ardhi, moto hauifikii. Mbegu za majani mengine zinaungua, yeye baada ya siku chache ameshachipua. Kila mkichoma mnampalilia yeye! Kabla kaskazi haijakaza fyekeni njia ya kuzuia moto kuzunguka kipande chote, tena mwende kwa sheha, mkuu wa mtaa wenu, kwa sababu moto wenyewe mara nyingi unatoka kwa jirani anayesafisha konde.

Mtoto wa Jozani
Ami, naomba nikupinge kidogo. Uwanda usiochomwa wala kufyekwa hauwi malisho, unageuka kichaka. Moto ukisita lazima panga lifanye kazi: vijiti vinavyoota katikati ya majani vikatwe vikiwa vyembamba, kuni za bure. Lakini pembeni acheni ukanda wa kichaka usiguswe. Paa nunga, swala wadogo hao tulionao, wanaishi kwenye vichaka hivyo vya weni, na duniani wamebaki sehemu chache mno. Tukifyeka kila kitu kwa ajili ya ng'ombe tutakuwa tumekosa sana.

Mfugaji Kusini
Nimewafahamu, ahsanteni. Na kamba je? Tuna ng'ombe wanne, na majirani nao wanafunga hapohapo.

Bi Mkubwa
Hapo ndipo penye kazi. Tangu mbung'o, wale nzi wanaowatia ng'ombe maradhi, wamalizwe Unguja miaka ya 1990 watu wamefuga kwa nafasi, ila uwanda ni uleule. Kaeni na majirani muugawe. Sehemu moja masika yote isifungwe mnyama, mpaka majani yatoe mbegu na zidondoke. Mwakani mnapumzisha nyengine. Kwengine kigingi kihamishwe asubuhi na mchana, ng'ombe asiachwe akala mpaka kwenye shina. Jani lililoliwa mpaka chini linakula akiba ya mzizi wake, na likirudiwa kabla halijapata nguvu linakufa, nafasi inachukuliwa na hayo makali. Nayo makali fyeka kila yakichipua, ng'ombe amalizie machanga. Usiyape muda wa kurefuka.

Mfugaji Kusini
Kaka nimemsomea yote. Trekta ameiacha, anauliza mbegu ya ukoka inauzwa wapi.

Ami wa Weni
Hainunuliwi hiyo. Mvua za masika zikishika, ng'oeni ukoka kandokando ya njia hukohuko Kusini, uliozoea jiwe. Msifuate wa bondeni. Ukateni vipande vyenye vifundo viwili vitatu, mfukie kwenye vishimo vya udongo pamoja na mavi makavu, kifundo kimoja kibaki juu. Anzeni na hiyo sehemu mnayoipumzisha.