Majeshi ya nje yabaki Kongo au yafungashe?

Ngosha wa Ziwani
Wakuu, tujadili bila matusi. UN wako Kongo tangu MONUC ya 1999, wakabadilisha jina kuwa MONUSCO 2010. Bajeti inacheza kwenye dola bilioni moja kwa mwaka. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 2012 wakiwepo, ikaanguka tena Januari 2025 wakiwepo, Februari ikafuata Bukavu. Hapo katikati EAC walipeleka jeshi 2022, likafukuzwa. SADC wakapeleka la kwao, nalo likarudi. Haya majeshi yanasaidia nini, au yaondoke wenyewe wamalizane mezani?

Mchokozi
Yanasaidia posho. Hakuna askari anayeacha mke akaenda Sake, kule karibu na Goma, kwa mapenzi ya Wakongo. Anafuata dola.

Binti Komando
Mchokozi, futa hiyo kauli. Baba yangu mdogo alikuwa kambi ya UN ya Semuliki, Kongo, Desemba 2017 waasi wa ADF walipoivamia usiku. Siku ile walitajwa vijana wetu 14. Hao nao walifuata dola?

Mchokozi
Pole dada, marehemu sijawagusa. Ila UN wanailipa serikali kama dola 1,400 kwa kila askari kwa mwezi. Muulize baba mdogo ngapi zilifika mfukoni mwake.

Binti Komando
Muulize wewe, namba yake nakutumia sasa hivi. Wenye midomo kama yako huwa hawapigi.

Jaluo Mpole
Tusichanganye mambo. Nani kasema jeshi la EAC lilifukuzwa? Muda wake uliisha Desemba 2023, Kinshasa ikakataa kuongeza.

Ngosha wa Ziwani
Mwenye nyumba akigoma kukuongezea mkataba wa pango, bado unabaki sebuleni?

Jaluo Mpole
Sisi Wakenya tulikwenda kusimama katikati, hatukutumwa kupigana. Na M23 walituachia Kibumba, halafu Rumangabo, bila risasi. Nyie mnataka kila kitu kiwe sinema.

Kifaru wa Zamani
Waliwaachia kambi, vijijini wakabaki. Sisi 2013 hatukuomba kuachiwa. Kwenye ngome zao za Chanzu na Runyonyi walitimka wenyewe. Na aliyekuwa akiongoza ile brigedi ni Mtanzania, Mwakibolwa.

Jaluo Mpole
"Sisi" nani? Ilikuwa brigedi ya UN, ina Waafrika Kusini na Wamalawi, na FARDC, jeshi la Kongo, ndio walikuwa mbele wakipanda vilima. Mnapenda kujibebesha ushindi.

Msomaji Kimya
Wote mnaruka jambo moja. Azimio 2098 la Baraza la Usalama la UN liliipa ile brigedi ruhusa ya kushambulia, sawa. Lakini kabla ya hapo, 2012, ripoti ya wataalamu wa UN iliitaja Rwanda kuwasaidia M23. Kigali ikakana, lakini Marekani, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi zikazuia misaada. M23 wakapigwa huku mgongo wao umeshabanwa. Safari hii vikwazo vya Marekani kwa James Kabarebe, jenerali wa Rwanda, vimekuja Februari 2025, Goma imeshakwenda. Jeshi lilelile, mazingira tofauti kabisa.

Kifaru wa Zamani
Kwa hiyo Mwakibolwa alishinda kwa msaada wa Waholanzi? Haya bwana.

Virunga
Mbona FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, hamuitaji hata mmoja? Wauaji wa 1994 wako msituni Kivu miaka yote hiyo, UN wanawatazama.

Msomaji Kimya
Virunga, itaje, hakuna aliyekukataza. Ila Goma hawakuichukua FDLR.

Mama Kivu
Mimi ndiyo wa Goma hapa. Januari ile niliona askari wetu wakivua magwanda barabarani, wengine wakibisha hodi kambi ya MONUSCO wahifadhiwe. Wazungu wa Romania waliokodiwa kutulinda wakavuka kwenda Gisenyi, Rwanda, mikono juu, wakapekuliwa mabegi moja moja. Na wewe Ngosha, unasema Bukavu ilianguka kama vile UN walikuwepo. Walishaondoka Kivu Kusini Juni 2024, serikali yetu ndiyo iliyotaka. Mimi mwenyewe 2022 niliandamana wafungashe. Bukavu ilipoanguka hapakuwa na hata kofia moja ya bluu ya kuitupia jiwe.

Mchokozi
Mama, hao Waromania walikuwa wanalipwa ngapi?

Mama Kivu
Zilitajwa dola elfu tano kwa mwezi na kupanda. Askari wetu hata mia ni bahati.

Mchokozi
Si nilisema? POSHO.

Binti Komando
Hao ni mamluki! Unawaweka kapu moja na JWTZ?

Ngosha wa Ziwani
Dada, hata mimi naona hapo Mchokozi ana hoja. Ukimlipa mgeni mara hamsini ya mwenyeji, mwenyeji atakufa kwa ajili ya nani? Nauliza kuhusu FARDC, JWTZ siwagusi.

Jaluo Mpole
Tukiongelea JWTZ, mbona Kifaru hasemi SADC walivyorudi 2025? Malori yalipita Rwanda hadi Chato. Baada ya kutucheka sisi kwa Kibumba!

Kifaru wa Zamani
Tulipoteza watu Sake, kijana. Wa Afrika Kusini ndio usiseme. Nyie mlipoteza nini Kibumba, usingizi?

Jaluo Mpole
Sasa umekuja. Kambi yetu ya El Adde, Januari 2016, Somalia. Nenda kasome halafu urudi uniulize Wakenya wamepoteza nini.

Virunga
Somalia tena? Fungueni uzi wake.

Mchokozi
Ufunguliwe. Somalia ndiko EU walikata posho za askari wa Afrika 2016, nina mengi ya kusema.