Tupeane kumbukumbu: Nyerere Square na ukumbi wa Chimwaga, wewe unakumbuka nini?

Mwanzisha mada
Mbukwenyi wana Dodoma. Juzi natokea Uhindini nikapita Nyerere Square, nikakuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi peke yake, kofia kaishika mkononi, anaiangalia sanamu ya Mwalimu wala hasemi kitu. Nikamkumbuka baba. Mi nimekulia Mpwapwa, mara ya kwanza kufika mjini nilikuwa darasa la sita, baba alikuwa anakuja kufuatilia mafao yake akanichukua, tukapanda basi la alfajiri tukashuka vumbi mpaka kwenye kope, na kabla hatujaenda popote akanipeleka hapo Square tukapiga picha. Mpiga picha anasema picha ni kesho, na sisi jioni tunaondoka! Baba akalipa akamwelekeza ampe kondakta wa basi letu. Wiki mbili baadaye ikafika, iko kwenye bahasha ya kaki, kona moja imekunjika. Baba alishatangulia mbele za haki na hiyo ndo picha pekee tuliyopiga wawili.

Leteni na zenu. Na wakubwa zetu mlioiona Chimwaga ikiwa ukumbi wa chama tuhadithieni, maana vijana wa sasa ukiwatajia Chimwaga wanajua UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, tu basi.

Dada wa Chang'ombe
Pole kwa baba mkuu, hiyo picha itunze.

Mimi Chimwaga ndani sikuwahi kuingia lakini mkutano mkuu wa CCM wa 1995 uliingia nyumbani kwetu. Ilikuwa Julai, na mnaoijua Dodoma ya Julai mnajua ule upepo unavyokata masikio. Gesti zote zimejaa, watu wanapangisha vyumba vyao, mama akatuhamisha sisi watoto wanne tukalala jikoni karibu na mafiga, chumba chetu wakapewa wajumbe watatu kutoka mikoani. Saa kumi na moja alfajiri mama keshabandika maji yao ya kuoga, anakaanga maandazi, wanakunywa chai wamesimama wawahi usafiri, maana Chimwaga ni nje ya mji na enzi hizo huko ilikuwa pori. Kutwa nzima mtaa umetega sikio kwenye redio. Mmoja wao alikuwa mtu mzima, tulimwita babu, usiku ule wa kura za kumpata mgombea urais karudi sauti imekauka kabisa, mama akampa kigoda na uji, akakaa uani akatusimulia wote, majirani wamejaa, duru ya kwanza Kikwete kaongoza na Msuya katoka, wanarudia wawili, Mkapa kapita. Alivyokuwa anasimulia utadhani na sisi tulipiga kura. Hela ya kile chumba ndo ilininunulia sare za sekondari mwaka uliofuata, kwa hiyo watu wakisema mikutano ile ilikuwa ya wakubwa mi siwezi kukubali, akina mama wa mji huu wamesomesha watoto kwa mikutano ile.

Wa Kikuyu
Dada umenitoa machozi. Mimi ni zabibu tu. Msimu ukifika nilikuwa nauza pale Square, nikishamaliza shule nabeba beseni. Kuna binti alikuwa ananunua kila Ijumaa, nikawa namuwekea kishada kizuri pembeni, hata akija mteja na hela mkononi simuuzii. Leo tuna watoto watatu.

Mzaliwa wa Iringa
Nilikuwa kati ya wanafunzi wa mwanzo kabisa wa UDOM 2007. Tulianzia Chimwaga hapohapo. Hostel bado zinajengwa huku na kule, unatoka nje unaona mafundi na miiba. Siku tulipokutanishwa ukumbini nilikaa nikawa naangalia viti, nawaza kwamba hapa ndo walikaa waliompitisha Mkapa, na Kikwete mwaka 2005, halafu leo nimekaa mimi mtoto wa mkulima wa mahindi na daftari langu. Chama kukitoa kile kitu kiwe chuo, mimi naona ni jambo kubwa kuliko mkutano wowote uliofanyika mle, na sisemi kwa sababu ya siasa. Mwisho wa wiki tunashuka mjini, hela ya kwenda kukaa hotelini hatuna, tunaishia Square, karanga za mia mia tunagawana watu watano tunapiga stori mpaka giza linaingia.

Kijana wa Nkuhungu
Wakubwa shikamooni. Mi naijua Square ya baada ya serikali kuhamia tu, watu wengi, suti nyingi. Sikujua ina historia zote hizi aisee.

Mama wawili
Mwanangu marahaba, hao wa suti usiwaone vile, wengine tulikuja hapo bila kitu. Mimi nimetokea Shinyanga kwa ajili ya usaili, nimefanya mara nne miaka tofauti, usaili unafanyika UDOM ukimaliza unashuka mjini, basi la kurudi ni kesho, gesti ukiingia mapema wanahesabu siku nzima, kwa hiyo nakaa pale Square kwenye kivuli na bahasha yangu ya vyeti nimeikumbatia mpaka jioni. Mara ya tatu nilikuwa mjamzito. Mama mmoja muuza maji alinipa chupa akakataa hela, akasema we kunywa mtoto asikauke. Mara ya nne nikapata, sasa hivi nakaa Ilazo. Mchana nikitoka kazini kula huwa napita, lile benchi langu halikosi mtu mwenye bahasha ya kaki, nikimuona nanunua maji mawili.