Tupeane uzoefu: Mlioko Marekani, hizi amri za Rais kuhusu bunduki zimewagusa vipi?

Wakuu, salaam. Mjadala wa bunduki hapa Marekani huwaka kila yakitokea mauaji, kisha unapoa mpaka yatokee mengine. Mimi niko Minnesota, nalea watoto hapa, na nimeuchoka.

Mtakumbuka Januari 2016 Obama alisimama Ikulu machozi yakimtoka, akiwataja watoto wa Sandy Hook, wale 20 waliouawa shuleni Desemba 2012 pamoja na watu wazima 6. Aprili 2013 muswada wa kupanua ukaguzi wa wanunuzi ulipata kura 54 kwenye Seneti, zikihitajika 60. Ndipo akatumia mamlaka yake mwenyewe bila kupitia Bunge. Wapinzani wakasema Rais anafanya kazi ya Bunge na kuchezea Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale yanayolinda haki ya kumiliki silaha. Wengine wakasema Bunge limeshindwa, sasa tusubiri nini?

Tangu hapo ni vuta nikuvute. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya 2017, serikali ya Trump yenyewe ilipiga marufuku kile kitako kinachoifanya bunduki imimine risasi mfululizo. Juni 2024 Mahakama ya Juu ikaitupa marufuku hiyo, ikasema sheria iliyopo haiwapi mamlaka hayo. Biden akaweka kanuni ya bunduki zisizo na namba, zile za kuunganisha nyumbani. Kanuni hiyo, Mahakama hiyohiyo ikaiacha isimame Machi 2025. Septemba 2023 Biden alifungua ofisi nzima Ikulu ya kushughulikia mauaji ya bunduki. Trump aliporudi ikafungwa, na Februari 7, 2025 akasaini amri ya kumtaka Mwanasheria Mkuu apitie upya yote yaliyofanywa na mtangulizi wake kuhusu bunduki.

Msimamo wangu nausema wazi: nataka Rais afanye kitu, lakini kilichosainiwa na mmoja mezani kwake anakifuta anayemfuatia. Ninachotaka kujua ni huku chini kwetu. Uliyewahi kununua, mwenye mtoto shuleni, mfanyakazi wa hospitali, tueleze ulichokiona wewe. Ugomvi wa vyama tuuache nje.

Dereva wa Lori, Indiana

Mkuu, mimi bunduki ninayo, sitaficha. Niliinunua baada ya kuvamiwa usiku kwenye maegesho ya malori. Nilikuwa na kadi ya kijani, na wengi hawajui kwamba mkaazi wa kudumu anaruhusiwa. Unajaza fomu ya serikali kuu, unaulizwa kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, kama unatumia dawa za kulevya, uhamiaji wako ukoje, kisha muuzaji anawasiliana na FBI, wapelelezi wa serikali kuu, wakague rekodi yako. Wenzangu walipata jibu wakiwa wamesimama hapohapo kaunta. Mimi nikaambiwa subiri. Nadhani ni jina, maana akina Juma na Hamisi tuko wengi.

Sasa sikilizeni hapa. Siku tatu za kazi zikipita bila jibu, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji akukabidhi bunduki. Ndivyo aliyewaua watu 9 katika kanisa la Emanuel, Charleston, mwaka 2015 alivyoipata yake: ukaguzi haukukamilika, siku zikapita, akauziwa. Mimi mwenye bunduki nasema siku tatu ni chache.

Lakini amri za Rais sizipendi. Wenye vile vitako waliambiwa wavivunje au wavisalimishe ndani ya siku 90, la sivyo ni kosa la jinai. Miaka mitano baadaye Mahakama inasema marufuku yenyewe ilikuwa batili. Raia afuate lipi? Mimi kila nikitoka Indiana kuingia Illinois nasimama, natoa risasi, nafungia bunduki kwenye sanduku nisije nikaingia matatani, kwa sababu upande wa pili sheria ni nyingine kabisa. Bunge likae, liandike sheria moja inayoeleweka.

Mswahili wa Houston

Mwenzangu alinipeleka kwenye maonesho ya bunduki, nione tu. Ukumbi mkubwa, meza hadi meza. Wenye leseni wanakujazisha fomu. Mzee mmoja asiye na leseni, anauza za kwake binafsi, alimwangalia mwenzangu kitambulisho cha Texas, akahesabu pesa, basi. Hakuna fomu, hakuna simu ya FBI. Na ni halali.

Biden alijaribu kuliziba hilo mwaka 2024, kwamba anayeuza kwa kutafuta faida awe na leseni na akague wateja. Jaji wa serikali kuu huku Texas akaizuia isitumike jimboni. Kwa hiyo dereva, ile fomu yako uliyosubiria, mwingine anaikwepa kwa kuhamia meza ya jirani. Hilo ndilo linaloniuma.

Mukimbizi wa Uvira, Louisville

Miye natoka Uvira, nilifika Kentucky na familia yangu kupitia mpango wa wakimbizi. Kule tulikimbia bunduki za watu tusiowajua. Huku jirani yangu, mtu mwema sana aliyetuletea makoti ya baridi, anatembea na bastola kiunoni akienda kununua maziwa. Nilichukua muda mrefu kuzoea kusimama naye tukiongea.

Aprili 2023 mtu aliwaua wafanyakazi watano wa benki katikati ya mji. Tukaja kuambiwa kwamba sheria ya Kentucky inataka bunduki zilizokamatwa na polisi ziende kwa polisi wa jimbo, zipigwe mnada. Hata iliyoua. Meya wetu, Craig Greenberg, naye aliwahi kufyatuliwa risasi kwenye ofisi yake ya kampeni mwaka 2022, akiwa bado mgombea, akasalimika. Hana ruhusa ya kuziharibu. Alichokuwa ameshafanya ni kuagiza polisi wa mji watoe ile pini inayogonga risasi kabla ya kuzipeleka mnadani, na wabandike karatasi ya kumwonya mnunuzi kwamba huenda silaha hii ilitumika katika uhalifu. Pini mpya mtu anaweza kununua, tunajua. Lakini mimi namheshimu kwa hilo. Mlango ulifungwa, akatafuta dirisha.

Mama Wawili, Columbus

Mimi sina habari za mahakama. Mwanangu alipoanza chekechea walifanya zoezi la kujificha. Jioni nikamkuta chini ya meza ya kulia chakula amemkumbatia mdogo wake, amemziba mdomo kwa kiganja, anamwambia, "Ukilia atatusikia." Nikamuuliza nani atasikia. Akasema, "Mtu mbaya. Mwalimu ametufundisha." Nilimtoa pale taratibu nikaenda kulia chooni.

Ninachowauliza wazazi wenzangu ni hiki: mtoto akialikwa kucheza nyumbani kwa rafiki yake, mnauliza kama kuna bunduki? Naona aibu. Kwetu huingii kwa mtu ukaanza kumkagua.

Muuguzi, Minneapolis

Ndugu zangu, mnaongea sana kuhusu wauaji. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki nchi hii wamejiua wenyewe. Hilo kwenye jamii yetu hatulisemi, tunasema "aliugua ghafla".

Minnesota tangu Januari 2024 kuna sheria inayoiruhusu familia kuiomba mahakama imwondolee mtu silaha kwa muda, akionekana ni hatari kwake au kwa wengine. Majimbo zaidi ya 20 wanayo. Hii ni sheria ya jimbo, haifi kwa sababu Rais amebadilika. Niliwahi kumweleza mama mmoja wa kwetu (nabadilisha mambo asijulikane). Mumewe alikuwa amepoteza kazi, hapati usingizi, ameanza kugawa vitu vyake. Mama alijua bunduki iko kabatini ila aliogopa kwamba akisema, mumewe atafungwa au watarudishwa nyumbani. Nikamwambia hili si shauri la jinai, ni la madai, na wala halikuwekwa kwa ajili ya uhamiaji. Alikwenda. Yule baba yuko hai, na mwaka jana nilimwona kwenye harusi akicheza taarabu.

Ukiwa na mtu wa namna hiyo ndani, piga 988, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, mchana au usiku. Mkalimani ukimwomba, anatafutwa.

Na Mama Wawili, uliza. Usione haya hata kidogo. Hospitali nyingi na vituo vya polisi hutoa bure kufuli la waya la kufungia bunduki, kwa hiyo hata ukijibiwa "ndiyo, tunayo", mazungumzo hayajaisha.

Dereva wa Lori, Indiana

Dada muuguzi, hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja. Yangu iko kwenye sanduku la chuma, na funguo hata mke wangu hajui ilipo. Mama Wawili, mtoto wako akija kwangu niulize, nitakufungulia mlango uone mwenyewe.

Mama Wawili, Columbus

Ahsanteni. Jumamosi kuna mwaliko. Nitaanza kwa kumweleza mwenyeji kwamba wangu ni mtundu, anafungua kila droo, halafu niulize kama kuna dawa, visu au bunduki anavyoweza kuvifikia. Wenye njia nyingine ya kuanzia, niandikieni kabla ya Ijumaa.