MREJESHO: Ile Boxer ya mkononi nimeichukua

Wakuu, niliuliza kama ninunue pikipiki ya Boxer 150 iliyotumika au nijikusanye nipate mpya, kazi ikiwa kubeba dagaa hapa Mwanza, kutoka soko la Mwaloni Kirumba kwenda Buhongwa. Wengi mlisema nisubiri. Nimechukua iliyotumika.

Injini nzima, hailambi oili. Kilichonitesa ni kadi ya umiliki. Muuzaji naye aliinunua kwa mtu bila kubadili jina, na TRA (mamlaka ya mapato) wanamtaka mwenye jina kwenye kadi. Akapatikana Magu, akaja kusaini mauziano kwa nauli yangu (na soda juu). Hela ya mwisho sikuitoa mpaka jina lilipokuwa langu. Aliyenishauri hivyo, Mungu ambariki.

Cheni na sproketi nimebadili kwa pamoja, maana cheni mpya kwenye meno yaliyolika haidumu. Bima nimekata.

Raha yenyewe ni safari ya Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko. Ila upepo wa pale katikati, ukiwa na gunia nyuma, si wa kuendesha kwa mkono mmoja.

Sasa tairi la nyuma limebaki kipara. Anayejua duka lenye tairi za kubeba mzigo hapa mjini anielekeze.