Tupeane uzoefu: Mpelelezi uliyemzoea alipoondolewa na mfululizo ukaendelea na mtu mwingine

Mwalimu wa Kikuyu (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, nawasalimu kutoka Kikuyu, Dodoma, ambako baridi ya mwezi wa saba inatulazimisha kujifunika mapema na vitabu vyetu. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya riwaya moja niliyoimaliza juzi usiku, nayo imeniachia majonzi ambayo sikudhani mtu wa umri wangu angeweza kuyapata kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Kwa miaka tisa nimekuwa nikifuatilia mfululizo wa riwaya za upelelezi ambao vitabu vyake saba vya kwanza vilimhusu askari mmoja mzee, mpole, asiyependa kukimbia wala kupiga risasi. Nilivinunua kimoja kimoja, bila kufuata mpangilio, kwa muuza vitabu vilivyotumika aliyekuwa akitandika turubai lake jirani na Jamatini, na kila nilipokosa alikuwa akiniambia, "Vumilia Mwalimu, mzigo wa Dar unaingia Ijumaa." Mzee yule alikuwa na desturi moja: kabla ya kumuuliza mtuhumiwa swali la mwisho, alivua miwani yake na kuifuta polepole kwa ncha ya shati. Mwandishi hakuwahi kueleza maana ya jambo hilo, lakini sisi wasomaji tulijua kwamba miwani ikishavuliwa, fumbo limekwisha funguka kichwani mwake, na mara nyingi nilikifunga kitabu hapo hapo ili nijaribu kumtaja mhalifu kabla yake.

Kitabu cha nane nilikinunua kwa furaha ile ile, maana jina la mfululizo lilikuwa limeandikwa juu ya jalada kwa herufi zile zile kubwa. Katika sura ya kwanza nikakutana na kijana mpya. Nikadhani ni msaidizi. Katika sura ya pili bado ni yeye, na katika sura ya tatu anafungua droo ya meza aliyopewa ofisini, anaikuta miwani ile, lenzi moja ikiwa na ufa, anaisogeza pembeni apate nafasi ya kuweka chaja ya simu yake, kisha anaifunga droo. Mzee wetu hakutajwa tena mpaka ukurasa wa mwisho.

Nimejiuliza kwa nini jambo hili liniume kuliko ambavyo lingeniuma katika riwaya ya mapenzi au ya historia. Nadhani ni kwa sababu katika riwaya ya upelelezi msomaji hapewi ukweli, bali anapewa mtu wa kuufuata. Baada ya vitabu saba nilikuwa nimejua ni ukimya upi wa mzee yule ulikuwa wa shaka na upi ulikuwa wa uchovu. Mtu huyo akiondolewa, maarifa yote niliyoyakusanya kumhusu hayana kazi tena, nami ninarudi kuwa mgeni katika nyumba niliyoishi miaka tisa. Tena wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na wapelelezi wa kudumu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, tuliendelea kukutana naye kitabu baada ya kitabu tangu kisa chake cha kwanza kilipochapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa nao tuliwaendea kwa majina yao, na wengi wetu tulimwambia muuza vitabu, "Nipe Joram," bila hata kutaja jina la kitabu.

Naomba kila mwenye kisa cha namna hii akieleze kwa ukamilifu: uligunduaje kwamba mhusika wako ameondolewa, na je, uliendelea kusoma au ulikiweka kitabu chini?

Mstaafu wa reli, Manyoni

Pole sana, Mwalimu. Kisa changu ni cha miaka ya themanini, nilipokuwa nafanya kazi stesheni ya Manyoni, pale njia ya Singida inapochepuka kutoka Reli ya Kati. Kulikuwa na hadithi ya upelelezi iliyotoka kila wiki katika gazeti moja, na gazeti lenyewe lilitufikia kwa treni, pengine likiwa limechelewa siku mbili au tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma kwa sauti katika chumba cha zamu, nikiwasomea wenzangu watano au sita, akiwamo mpiga ishara mmoja ambaye hakuwa mwepesi wa kusoma lakini alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Nikisahau jina la shahidi aliyetajwa wiki nne nyuma, yeye ndiye aliyenikumbusha.

Kisa kilichotushika kuliko vyote kilihusu magunia ya karanga yaliyotoweka ndani ya behewa lililofungwa kwa lakiri, na lakiri ikakutwa haijaguswa. Mnaelewa jinsi jambo hilo lilivyotuhusu sisi wa reli. Kila mmoja alikuwa na dhana yake, na tuliweka dau la soda. Mpelelezi alikuwa inspekta mmoja mtaratibu, na alikuwa amebakiza kumhoji karani wa mizigo tu. Wiki iliyofuata nikafungua ukurasa, nikasoma sentensi ya kwanza kwa sauti, nikanyamaza. Inspekta alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, na mahali pake ameletwa mtu mpya kutoka makao makuu, ambaye alianza kushughulikia mauaji ya hotelini. Magunia hayakutajwa tena, wala wiki ile wala zilizofuata.

Sisi tulikuwa watumishi, na uhamisho tuliujua vizuri. Leo Dodoma imejaa watumishi waliohamia tangu serikali ilipoanza kuhamia huko kwa vitendo mwaka 2016, nao watakuwa mashahidi wangu katika hili. Mtumishi anayehamishwa hukabidhi ofisi. Anaandika taarifa ya makabidhiano, anaonyesha jalada lipi limefungwa na lipi bado liko wazi, anakabidhi funguo, na anayepokea anatia sahihi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeondoka na kuacha jalada la wizi wa magunia likiwa wazi juu ya meza. Kilichotuudhi hakikuwa mtu mpya, bali kukosekana kwa makabidhiano. Tuliendelea kununua gazeti kwa wiki tatu zaidi, halafu tukaacha.

Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM)

Shikamoo Mzee, na shikamoo Mwalimu. Yangu ni ya mwaka jana, katika kundi la WhatsApp ambamo mwandishi alikuwa akitutumia riwaya yake sehemu kwa sehemu. Sehemu kumi za mwanzo zilikuwa bure, kisha kila msomaji alituma shilingi 1,500 kwa simu ili apate ishirini zilizobaki. Mwishoni mwa sehemu ya thelathini jasusi wetu akapigwa risasi na kufa, likafuata neno "Itaendelea," na siku mbili baadaye tukatangaziwa msimu wa pili kwa malipo mapya, mhusika mkuu akiwa ni aliyekuwa katibu muhtasi wake.

Wengi waliandika kwamba warudishiwe pesa zao. Mimi nililipa tena, kwa sababu nilifurahi kwamba dada yule hatimaye amepewa nafasi. Masikitiko yangu yalianza baadaye. Katika msimu wa kwanza mwandishi alikuwa amemfanya ashindwe hata kulipata faili lililokuwa mezani pake, ilhali katika msimu wa pili anaendesha pikipiki, anazungumza lugha nne na kulenga shabaha kwa mikono yote miwili. Hakuna sehemu hata moja iliyotuonyesha alivyojifunza. Kama mwandishi angetudokezea mapema, tuseme katika sehemu ya tano, kwamba dada huyu alikuwa akiyasoma mafaili usiku bosi wake akishaondoka, ningemfuata hadi mwisho. Nikaishia sehemu ya thelathini na nane.

Mama wa Kondoa

Nitakwenda kinyume na wenzangu, na naomba Mwalimu asinichukie. Mimi nilifurahi mpelelezi wa zamani alipoondolewa. Katika mfululizo niliousoma, yule bwana alikuwa hodari, lakini katika vitabu vinne hakuwahi kuingia jikoni. Mtu anakufa kwa sumu baada ya chakula cha jioni, naye anakwenda kuwahoji wafanyabiashara sebuleni! Mpelelezi mpya alikuwa muuguzi. Katika kisa chake cha kwanza anachukua kigoda, anakaa karibu na mafiga, anamsaidia mpishi kuchambua mlenda, na huku wakichambua anamuuliza ni nani aliyekuja kuomba chumvi siku ile. Nilipofika hapo niliinuka nikamwita binti yangu, nikamsomea ukurasa mzima.

Msomaji, Mpwapwa

Mimi sikuendelea. Kitabu kipo juu ya kabati hadi leo, na alama yangu iko ukurasa wa 41.

Mwalimu wa Kikuyu

Mama yangu wa Kondoa, siwezi kukuchukia, kwa kuwa umenionyesha jambo ambalo nililipita: mtu mpya anaweza kutupeleka chumba ambacho wa zamani hakukijua, na kijana wangu wa chaja hakunipeleka popote. Na Mzee wa Manyoni amenipa neno nililokuwa nikilitafuta, yaani makabidhiano.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwandishi Mwingereza Arthur Conan Doyle alimchoka mpelelezi wake, Sherlock Holmes, kwa kuwa alitaka muda wa kuandika riwaya za historia alizozithamini zaidi, akamuua katika hadithi iliyochapishwa Desemba 1893. Wasomaji wa Uingereza walilalamika kwa miaka. Mwaka 1901 alianza kuwapa kisa kilichotokea kabla ya kifo hicho, na mwaka 1903 akakubali kumrudisha akiwa hai. Mwandishi mwenzake, Agatha Christie, alifuata njia tofauti, nami naiona ni ya heshima zaidi. Alikuwa na mpelelezi Hercule Poirot tangu mwaka 1920, akamleta mpelelezi wa pili, Miss Marple, bila kumfukuza Poirot, na wote wawili wakaendelea sambamba kwa miongo mingi. Kisa cha mwisho cha Poirot alikiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakihifadhi hadi kilipochapishwa mwaka 1975, na gazeti la New York Times likamwandikia Poirot tanzia kama mtu aliyekuwa hai. Wasomaji wake walipata nafasi ya kuaga.

Mimi sikudai mzee wangu aishi milele, wala simlaumu mwandishi kwa kuchoka. Ningeridhika na sura moja ambamo anaivua miwani, anaifuta, kisha anamkabidhi kijana kwa mkono wake mwenyewe.

Mstaafu wa reli, Manyoni

Mwalimu, nimekumbuka jambo lingine. Yule mpiga ishara alistaafu kabla yangu akahamia Itigi, na hatukuonana kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Tulikutana kwenye msiba wa mwenzetu wa reli, wote tukiwa na mvi. Tulisalimiana, tukapeana pole, tukakaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Alinyamaza kidogo, kisha akanisogelea sikioni na kuniuliza, "Hivi yale magunia, ni karani aliyeyachukua?"